Jaketi na Tawakali

Anayetoka Dunga au Usenge kwenda kuvua katika Ziwa Victoria hubeba vitu vinavyojulikana: kafi, nanga, kamba, ndoo ya kutolea maji yanayoingia chomboni, maji safi ya kunywa, simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na, kama ni safari ya kuvua omena, taa. Kinachoachwa nyumbani kwa urahisi kuliko vyote ni jaketi la kujiokoa. Sababu ni nyingi, lakini yenye uzito wa kiroho ni moja: uhai umo mikononi mwa Mungu, na siku ya mtu ikifika hakuna jaketi litakaloizuia. Ajali haina kinga, husemwa. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa maana wanaoitoa huomba kwa dhati kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Hata hivyo naamini ina kosa, na kosa lenyewe ni la kidini kabla ya kuwa la kiusalama.

Tazama nyavu. Mvuvi huyohuyo anaamini kwamba samaki ni riziki kutoka kwa Mungu, lakini hushona wavu uliotoboka, hununua petroli, huchaji taa na kusubiri siku zisizo na mbalamwezi, kwa kuwa omena hufuata mwanga vizuri zaidi gizani. Hakuna anayemwambia kwamba kushona wavu ni kukosa imani kwa Mungu. Basi kama kudura ni sababu ya kuacha jaketi, ni sababu pia ya kuacha wavu. Anayejiandaa kwa mapato na kukataa kujiandaa kwa uhai hajamtegemea Mungu zaidi ya wenzake. Amemwachia Mungu lile tu ambalo yeye mwenyewe hakutaka kuligharimia. Tena hatari yenyewe haikufichwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi. Dhoruba kali za ziwa hili huja zaidi usiku na kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo mitumbwi ya omena iko kazini. Kudura ni habari ya yaliyositirika. Jambo linalojulikana hadi saa yake tumepewa akili ya kulikabili.

Wapo watakaofungua Luka sura ya 9, ambapo Yesu aliwatuma wanafunzi bila mkoba wala mkate, waulize kama hapo si Maandiko yanayofundisha kwenda mikono mitupu. Ni kweli, ila walitumwa vijijini, penye nyumba za kuwapokea. Ziwani hakuna mwenyeji. Na katika sura ya 22 ya kitabu hichohicho aliwaambia sasa wachukue mfuko na mkoba. Mfano ulio karibu zaidi na ziwa hili uko Matendo sura ya 27. Paulo alikuwa ameahidiwa na malaika kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu 276 melini atakayepotea. Baada ya ahadi hiyo aliwazuia mabaharia wasitoroke, akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu, na mwisho wengine walifika pwani wakishikilia mbao. Ahadi ilitimia kwa mbao. Waislamu wana mafundisho hayohayo katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali: aliambiwa amfunge kwanza.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Walikufa watu 228. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai ndani ya chombo, na wengi waliuona mkono wa Mungu. Siwapingi. Ila imani inayomtaja huyo mmoja lazima iwe na neno kwa wale 228, na haiwezi kusema Mungu aliwapenda kidogo. Waliojaza chombo kupita uwezo wake waliweka rehani uhai usio wao. Hapo ndipo hoja ya tawakali inapovunjika hasa: mtu anaweza kumwachia Mungu nafsi yake, lakini hana ruhusa ya kutawakali kwa niaba ya wenzake walio chomboni, wala ya mkewe anayesubiri ufuoni.

Pingamizi gumu kuliko yote halitoki katika Maandiko bali mfukoni. Wengi wanaovua si wenye boti. Hulipwa sehemu ya mavuno, na usiku usio na samaki hauna malipo. Kumhubiria mtu huyo habari ya jaketi ni kumtwisha lawama isiyo yake. Nakubali, na kwa hiyo namwelekea mwenye boti. Anayenunua injini, wavu na taa amekwisha kuamua vitu gani vinastahili fedha zake. Mabaharia wake wamo katika hesabu hiyo au hawamo. Ninyi wachungaji, mapadri na maimamu wa Dunga, Usenge na Mbita, mkiitwa kuombea boti mpya, hesabuni kwanza majaketi yaliyomo, na yakipungua idadi ya mabaharia, ahirisheni maombi hadi yatimie.