Kuwauliza Wazee Juu ya Ukimwi

Wako katika ndugu zetu wasemao kwamba mtafiti amwulizaye mzee wa miaka 60 au 70 juu ya ukimwi, na juu ya ndoa zake na unyumba wake, amemtweza mzee huyo na kuivua stara ya nyumba yake. Haya wanayoitetea twaijua, nasi twaitukuza. Lakini haya hiyo yamlinda nani?

Upimaji wa taifa letu wa 2018 ulikoma kwa watu wa miaka 64. Aliyepita hapo hakuhesabiwa. Huko Afrika ya Kusini, katika vijiji vya Agincourt, watafiti walianza 2014 kuwaendea watu wa miaka 40 na zaidi, na katika waliopimwa, kiasi cha 23 katika kila 100 walionekana kuwa na virusi. Basi ni nani aliyetwambia kuwa wazee wamesalimika? Mume hufiwa akaoa tena, mjane huolewa ukewenza. Wali na kadhi huuliza mahari na mashahidi, wala kupima hakutajwi, kwani hilo, wasema, ni jambo la vijana. Kisha mtu akikonda na kuchoka huambiwa ni uzee, hata ugonjwa umekwisha kumla.

Tena yuko aliyeambukizwa zamani, akazeeka na dawa zake. Huyo akidumu nazo hata virusi visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa unyumba. Na amdhaniaye kuwa amezini jana amemdhulumu. Ana maswali yake: dawa hizo zapatanaje na za presha na za sukari? Moyo na mifupa itakuwaje? Majibu hayapatikani ila kwa kuulizwa maisha yake yote, si ya mwaka huu tu.

Umm Sulaym alimwuliza Mtume (s.a.w.) jambo la siri ya wanawake, wala Mtume hakumkemea. Kilichokatazwa ni kupeleleza, na kupeleleza si kuuliza kwa idhini.

Ila mtafiti naye ana adabu zake. Asimwulize mzee mbele ya wakwe na wajukuu. Mwanamke aulizwe na mwanamke. Jibu lisitoke nje na jina la mwenyewe. Na mzee akisema hataki, mtafiti afunge daftari lake, aage, aende zake.