Wimbo Udumuo

Huko Uingereza, tangu mwaka 1952, kila juma hutolewa orodha ya nyimbo zipendwazo kuliko nyingine. Nyingi hupita upesi kama wageni wa siku mbili, chache hukaa. Mwaka 1953 wimbo wa Frankie Laine, "I Believe", yaani Nasadiki, ulishika nafasi ya kwanza kwa jumla ya majuma 18. Kati ya 1969 na 1971, "My Way", yaani Njia Yangu, wa Frank Sinatra, ulidumu majuma 75 katika nyimbo 40 za kwanza. Humo mtu aliye karibu na mwisho wake hujisifu kwamba alifuata njia yake mwenyewe.

Basi twauliza: je, kitu kikipendwa muda mrefu, ndiyo dalili kwamba ni chema? La. Orodha ile ile imempa heshima asemaye "nasadiki" na asemaye "mimi". Yapima mapenzi ya watu, wala haipimi ukweli.

Hatusemi kwamba wimbo wa dunia ni dhambi. Twasema kwamba neno lirudiwalo mdomoni hushuka moyoni. Na mtoto aliyeimba neno moja karibu mwaka na nusu, neno hilo limekuwa lake. Enyi wazazi, sikilizeni kinachoimbwa nyumbani mwenu. Maana iko siku nguvu zitatuishia, na midomo yetu itatafuta maneno iliyoyazoea. Itakuta nini: sifa zetu wenyewe, au sala ya Baba Yetu?