Gato yenye rangi za miombo

Oktoba ikifika, simu zinajaa picha za keki za Ulaya zenye maboga na majani mekundu, maana wakati huo ndipo miti ya kule inapopukutisha majani. Mama wengine hapa Lubumbashi wanaziiga. Sawa, lakini tokeni nje ya mji mwezi wa tisa muone. Miombo inachipua kabla ya mvua kunyesha, na majani machanga yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba kabisa, kisha yanageuka kijani. Wekundu wa kule ni wa jani linalokufa. Wa kwetu ni wa jani linalozaliwa. Mimi nachagua wa kwetu.

Basi mama, unguza sukari upate ile shaba, tumia kakao kuchora matawi, na karanga zilizopondwa ziwe gome. Gato ipoe kwanza, la sivyo krimu ya siagi itateremka yote kwa joto hili. Na kama unaoka kwa makala (nayo ni miombo hiyohiyo, jamani), weka mengi juu ya kifuniko, machache chini ya sufuria.