Aliyevunja Mguu wa Mwenzake Adaiwa Nini?

Swali hili huulizwa mara nyingi hapa Likasi, barazani kwa wazee, katika jumuiya zetu, hata mlangoni pa kanisa: mtu akimgonga mwenzake kwa pikipiki na kumvunja mguu, adaiwa kiasi gani? Wengine hutaja bei papo hapo, kama watu wapimao unga sokoni. Wengine husema, "Mungu amependa," wakaenda zao. Hao wa kwanza wana haraka, na hao wa pili wamsingizia Mungu.

Pikipiki, ambayo sisi wa Katanga huiita moto (na jina hilo laifaa, maana huunguza), ni mkate wa vijana wengi. Kutoka Kikula mpaka mjini, kutoka Panda mpaka Shituru, watu hupanda nyuma ya kijana wasiyemjua na kumkabidhi roho zao kwa franka chache. Na barabara kuu namba 1, itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi, yapita kwetu na malori yake ya shaba na kobalti. Ajali haziwezi kukosa. Basi, yafaa tujue haki kabla ya ajali, kwa sababu baada yake vichwa huwa vimepata moto.

Sheria ya nchi yetu si ya jana. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani za Leopold II, ingali ikitumika. Kifungu chake cha 258 chamfunga kila mtu alipe hasara aliyomletea mwenzake kwa kosa lake. Kifungu cha 259 chaongeza uzembe na kutoangalia: husemi "sikukusudia" ukaachiliwa. Kwa hiyo hakimu hutafuta mambo matatu. Kosa lilikuwako? Hasara iko? Na hasara hiyo imetoka katika kosa hilo, au mahali pengine? Jambo la tatu watu hulisahau, nalo ndilo gumu kuliko yote.

Tuseme kijana amempakia mama mwuza samaki. Hana taa, na saa ni moja ya usiku. Mama hana kofia ya chuma kichwani. Wagonga gari lililosimama. Mama avunjika mguu, tena apasuka kichwa. Wako watu watakaosema: "Mama naye ana kosa, hakuvaa kofia, alipwe nusu." Ngoja kwanza. Kukosa kofia hakukuleta ajali. Ajali ililetwa na giza na mwendo wa kijana. Kofia ingalilinda kichwa, lakini hakuna kofia ilindayo mguu. Basi kwa kichwa twaweza kusema mama amebeba sehemu ya hasara yake mwenyewe, ila kwa mguu hapana, hata franka moja isipunguzwe. Na hata kwa kichwa tuulize: kijana alikuwa na kofia ya pili ya kumpa? Kama hakuwa nayo, kwa nini amtupie mama lawama yote?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chajua mambo haya kuliko tunavyodhani. Chasema juu ya mtu aliyepigwa akalala kitandani, kisha akainuka na kutembea kwa fimbo: aliyempiga atalipa siku zake zilizopotea, tena atamwuguza mpaka apone. Tazameni vizuri. Si dawa tu, ni siku pia. Sisi tumezoea kulipa dawa, pengine na picha ya mfupa, kisha twajiona watu wema. Lakini mama yule hauzi samaki kwa miezi minne. Watoto wake wanakula nini? Ada ya shule analipa nani? Siku zake ni deni kama dawa zilivyo deni.

Hapa pana udhalimu mmoja ambao siwezi kuupita kimya. Mfanyakazi wa kampuni ya migodi akivunjika, anayo karatasi ya mshahara. Hesabu yake ni nyepesi. Mama wa sokoni hana karatasi. Basi watu hufanya kana kwamba hakupata kitu tangu azaliwe. Je, njaa ya nyumba yake ni ndogo kwa sababu haikuandikwa? Wauzaji wenzake wajua aununua samaki kwa bei gani na auuza kwa bei gani. Waitwe waseme. Na jamaa ya mgonjwa washike kila risiti ya hospitali, waombe barua ya daktari, waandike majina ya walioona. Siyo uchoyo. Haki isiyo na ushahidi huzimwa na mwenye sauti kubwa.

Mguu wenyewe je? Mguu hauna bei. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza jambo hilo katika Summa yake, karne ya 13: mtu aliyemwondolea mwenzake kiungo atawezaje kukirudisha? Hawezi. Basi ajibu kwamba, pasipowezekana kulipa sawasawa, mtu alipe awezavyo, kwa fedha au kwa heshima fulani, hali za watu wote wawili zikiangaliwa, kwa uamuzi wa mtu mwema. Hali za wote wawili! Kwa hiyo mguu wa mchimbaji na mguu wa karani hauleti hasara moja, maana mmoja aula kwa miguu yake na mwingine kwa kalamu. Tena kijana maskini hatatozwa mpaka watoto wake wawe ombaomba. Atalipa kidogo kidogo. Ila kucheleweshwa siyo kufutwa: Mtakatifu Augustino alimwandikia Makedonio kwamba mwenye uwezo wa kurudisha asiporudisha, toba yake ni ya kuigiza.

Lakini pikipiki ni ya kijana? Mara nyingi si yake. Mwenyewe yuko nyumbani, angoja fedha yake ya kila jioni. Sura ile ile ya Kutoka yanena juu ya ng'ombe aliyezoea kupiga pembe: mwenyewe akionywa asimfunge, hatia ni yake pia. Basi wewe uliyeambiwa, "Baba, freni hazishiki," ukajibu, "Niletee kwanza hesabu ya leo," umemwachilia ng'ombe wako barabarani. Kifungu cha 260 nacho hakimwachi bwana kwa kosa alilolitenda mtumishi wake kazini. Tena tangu mwaka 1973 sheria yaamuru kila chombo cha moto kiwe na asuransi, yaani bima, kwa ajili ya watu wa njiani. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Asiyelipa bima aona amepata faida, kumbe amekopa miguu ya wengine bila kuwauliza.

Na kama hakuna kosa lolote? Mtoto ametoka ghafula nyuma ya lori, kijana alikwenda polepole, taa zinawaka. Hapo dhamiri yake haina deni la haki. Lipo deni la mapendo: amchukue majeruhi, amfikishe kwa daktari, aende kumtazama. Wengi huogopa kwenda kumtazama, wasije wakaambiwa, "Umekuja kwa sababu una hatia." Jamaa wa mgonjwa, msiifanye huruma ya mtu kuwa ushahidi juu yake, mkifanya hivyo, kesho hamtaona mtu mlangoni.

Mwenye kukimbia ni neno jingine. Kugonga kwaweza kuwa bila kusudi. Kukimbia ni kusudi tupu. Damu iliyomwagika katika saa ile aliyomwacha majeruhi yahesabiwa juu yake, hata kama mgongano haukuwa kosa lake. Lakini najua kwa nini wakimbia: waogopa kundi la watu na kibiriti. Na mnaochoma pikipiki, mwadhani mmemsaidia nani? Majivu hayalipi hospitali.

Mwisho, kuhusu karatasi za mapatano. Siku ya pili au ya tatu, mgonjwa angali akilia kwa maumivu, waja watu na fedha ya mkononi na karatasi ya kutia sahihi: "Pokea hii, maneno yaishe." Atia sahihi kwa njaa. Mwezi wa tatu mfupa waonekana umeungana vibaya. Mji wetu wajua fedha ya mara moja: mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mkupuo wa fedha, na wengi wao wamelalamika kwamba haukutimiza haki yao. Basi mpokee fedha ya dawa, na muandike kwamba ni ya dawa tu. Sahihi ya mwisho ingoje mpaka daktari aseme mguu umefika wapi.