Kitabu Kinaidai Nini Filamu?

Msomaji anayetoka kutazama filamu ya kitabu akipendacho, roho imemchafuka, huwa ana orodha. Mhusika fulani hayumo. Mazungumzo yale ya usiku yamerukwa. Mwisho umegeuzwa. Hasira yake naiheshimu, kwani asiyependa hana cha kukasirikia. Orodha yake ndiyo hainiridhishi, kwa sababu inapima uaminifu kwa kuhesabu matukio, na mtu anaweza kuyahifadhi matukio yote ya riwaya, moja baada ya jingine, na riwaya yenyewe akaiua.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Binti wa Namagondo, Ukerewe, analelewa na Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakwenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko anajiachia kwa wanaume. Anapotaka kutulia aolewe, mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira. Anajiua. Nipe hayo na kamera, nami naweza kutengeneza filamu isiyoacha hata moja, watazamaji wakatoka wakiwaambia mabinti zao: mmeona mwisho wa umalaya? Kila tukio litakuwepo, na Kezilahabi atakuwa amesingiziwa. Riwaya ile haikuandikwa kumtia Rosa hatiani. Inauliza nani aliyemfikisha pale, na kila mara inamrudia baba aliyemfungia bintiye asijue lolote juu ya wanaume, hata siku alipotoka mikononi mwake akawa hana kinga. Ndiyo maana mwandishi hakuishia kwenye kifo. Aliwapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wakashitakiana.

Basi kitu ambacho kitabu kinaidai filamu ni sababu: kwa nini jambo hili lilizaa lile, na lawama inamwangukia nani. Sura ya mhusika, idadi ya nduguze, mpangilio wa siku, hayo mwongozaji ana haki ya kuyagusa. Tena sura hasa si za kugombania, kwa kuwa kila msomaji ana Rosa wake, na hakuna mwigizaji anayeweza kufanana na wote.

Ugomvi wa mwandishi Stephen King na mwongozaji Stanley Kubrick juu ya The Shining unalionyesha jambo hili vizuri. Katika riwaya ya 1977, Jack Torrance ni baba anayempenda mwanawe na anayepigana na pombe, huku hoteli anamokaa ikimmega kidogo kidogo. Karibu na mwisho anajirudia kwa muda mfupi, akamwambia mtoto akimbie. Kisha boila linalipuka na hoteli inateketea. Katika filamu ya 1980 Jack anatisha tangu tunapomwona, na anakufa kwa kuganda katika barafu. Wengi hudhani wanabishania moto na barafu. Lakini King aliandika msiba wa mtu ambaye angeweza kuokoka, na Kubrick akaonyesha mtu aliyekwisha kupotea. Sababu imeondolewa, na kwa hilo mimi niko upande wa King.

Hata hivyo, King aliandika mwenyewe tamthilia ya televisheni ya kitabu hicho, ikaonyeshwa mwaka 1997 kwa sehemu tatu, ikipigwa picha katika Stanley Hotel kule Colorado, mahali lilikomjia wazo la riwaya. Ilikifuata kitabu kwa karibu. Na bado filamu ya Kubrick ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Jambo hili linanisumbua, wala sitalikwepa: kazi inaweza kukosa uaminifu ikawa kubwa. Ila ukubwa haufuti deni. Mdaiwa akitajirika na kuwakirimu watu wote mjini, aliyemkopesha bado anamdai.

Upande wa pili yuko Ousmane Sembène wa Senegal. Kitabu chake Le Mandat alikiandika kwa Kifaransa, akijua kwamba wengi wa wale aliowaandika hawawezi kukisoma. Mwaka 1968 akakitengenezea filamu, Mandabi, kwa Kiwolof. Yule Ibrahima Dieng, mzee aliyetumiwa hundi ya posta kutoka Paris akashindwa kuichukua pesa kwa kukosa kitambulisho, sasa anasema kwa lugha ambayo mtu kama yeye angeisema Dakar. Maneno yamebadilika karibu yote, lakini sababu imesimama palepale: ofisi inamdai karatasi mtu ambaye maisha yake hayakuwahi kuandikwa. Kwangu filamu hiyo ni aminifu kuliko ambayo ingenakili kila sentensi.

Kwetu, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ilipata filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Riwaya nene imeingia katika muda wa saa moja na nusu hivi, na lazima mengi yaachwe. Mimi naiuliza jambo moja: je, ile hadithi ya msichana kumkimbia mume mzee na ile ya kumpinga mkoloni Mwingereza bado ni vita vimoja? Ni vimoja. Imelipa.

Nami nataka kuiandikia skiripti Rosa Mistika. Kinachonikesha ni mahakama ile ya mbinguni. Nikiipiga picha na mawingu yake, ukumbi utacheka. Nimefikiria kuishusha duniani, iwe matangani, Zakaria akiwa hai mkekani, wadogo zake Rosa wakimwuliza mbele ya waombolezaji. Lakini matangani Rosa ni maiti, hasemi, na mahakama ile ipo hasa ili binti apate hatimaye kumjibu baba yake. Kwa hiyo sauti yake lazima isikike tangu picha ya kwanza, akimsemesha Zakaria, hata pale ambapo midomo yake imefungwa kwa hofu. Kezilahabi hakuandika hivyo. Naamini hivyo ndivyo deni lake litakavyolipwa.

Nawe unayekasirishwa na filamu za vitabu uvipendavyo, andika. Chagua sura moja, na kabla hujaamua nani anaingia mlangoni, jiulize kwa nini anaingia. Kezilahabi alifariki Januari 2020, hawezi tena kukitetea kitabu chake. Kazi hiyo sasa ni ya wasomaji wake.