SHAMBA NI LA NANI?

Njaa ikibisha hodi hapa Mtinko, yuko anayeweka shamba rehani kwa gunia la mtama. Mvua ikirudi, yeye ni kibarua kwenye shamba la baba yake. Je, hiyo ni haki?

Soma Walawi 25. Mungu anasema ardhi ni mali yake, sisi wapangaji tu. Mwaka wa saba hakuna kulima. Kinachoota chenyewe maskini ale, na mgeni, hata mnyama. Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza: madeni yafutwe! Wako Wayahudi wanaoushika mpaka leo; wa mwisho ulikuwa 2021 hadi 2022.

Lakini moyo wa mtu! Mwaka huo ukikaribia, matajiri waligoma kukopesha. Ndipo mwalimu wao Hillel akaweka hati ya kukabidhi deni barazani, lisifutwe. Maskini akapata mkopo, sawa, ila mzigo ukabaki shingoni.

Hata sheria ya Tanzania ya 1999 inasema ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini. Sasa wewe uliyeokoka, unanena kwa lugha, na karatasi ya shamba la mjane iko chini ya godoro lako! Mrudishie kabla ya mvua za Novemba, naye apande.