Kibanda cha Mlimani: Ni Mapendo au ni Haki?

Mlima Nyiragongo twaujua sote, hata wale kati yetu ambao hawajaukanyaga. Kimo chake ni meta 3,470, nao umesimama nyuma ya mji wa Goma kama jirani mkali ambaye hatuwezi kumhama. Kwa miaka mingi wekundu wa moto wake ulionekana usiku juu ya mawingu.

Kabla ya mlipuko wa mwaka 2021, wageni wengi walikuwa wakiupanda. Walianza safari asubuhi pale Kibati, pamoja na askari wa Mbuga ya Virunga na wapagazi waliobeba chakula, makala na mavazi ya baridi. Walipita msitu, kisha mawe meusi makali ya lava ya zamani, wakafika juu baada ya saa tano au sita. Huko juu, kwenye ukingo wa shimo lenye upana wa zaidi ya kilometa moja, vilijengwa vibanda vidogo, kila kimoja cha kulala watu wawili. Walitazama moto, wakala, wakalala, na kesho yake wakashuka.

Yule aliyelala kule juu alijua mara moja thamani ya kibanda. Kule upepo hauna huruma. Jasho la kupanda hugeuka baridi mwilini mara jua linapotua, na mvua hufika bila kupiga hodi. Mtu tajiri na mtu maskini hutetemeka sawasawa. Ukuta mwembamba na paa dogo ndivyo vinavyotenga uhai na kifo.

Basi, tufanye mfano. Watu wawili wamekwisha kulala katika kibanda chao. Mvua inapiga. Mara hodi! Ni mtu wa tatu, amelowa, hana mahali. Je, wamfungulie? Kila Mkristu atajibu: ndiyo, wamfungulie. Hapo hatuna shaka. Lakini sisi twauliza swali jingine, ambalo watu hawaliulizi sana: wakimfungulia, wamefanya nini? Wamempa sadaka, au wamemlipa deni? Ni mapendo, au ni haki?

Pengine mtu atasema: «Maneno hayo ni ya bure, kwani mlango umefunguliwa, basi yatosha.» Sivyo. Jina tunalolipa tendo letu hubadilisha moyo wetu, tena hubadilisha moyo wa yule anayepokea. Anayetoa sadaka hutazamia asante. Na asipoitoa, hakuna awezaye kumshitaki. Lakini anayelipa deni hana sababu ya kujisifu, maana amerudisha tu kitu cha mwenyewe. Vilevile anayepokea sadaka huinamisha kichwa. Anayepokea haki yake huingia akiwa amesimama wima, kama mtu. Mnaona sasa kwamba swali letu si dogo.

Wengi husema: ni mapendo tu. Husema hivi: «Wale wawili wamelipia kibanda. Wamefika kwanza. Ni chao kwa usiku ule. Wakimfungulia mwingine, wema ni wao. Wasipomfungulia, ni wabaya kweli, lakini hawakumwibia mtu kitu.»

Sisi twajibu: kufika kwanza ni nini? Ni kuwa na miguu yenye nguvu, au kuanza safari mapema, au kutokunyeshewa njiani. Hayo yote hayakutufanya kuwa wenye kibanda. Hatukukijenga. Kuna watu waliobeba mbao na mabati mgongoni hadi juu, nasi hatukuwaona hata uso. Hawakukijenga kwa ajili yetu kwa majina yetu. Walikijenga kwa ajili ya mtu ye yote ambaye usiku utamkuta kule. Fedha tuliyolipa ilitupa ruhusa ya kulala. Haikutupa ruhusa ya kumwacha mwenzetu afe mlangoni.

Hilo si wazo letu tu. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake, na ni vema awe nayo, kwa sababu kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake. Lakini Mungu aliumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote. Kwa hiyo mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, kile anachohitaji ili aokoke ni haki yake, na akikichukua si mwizi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulirudia fundisho hilo mwaka 1965. Basi yule wa tatu, kwa usiku ule, ni mwenye kibanda pamoja na wale wawili. Wakisogea, wanampa nafasi iliyo yake.

Sasa tushuke mlimani, maana si wengi kati yetu waliolala kule juu. Lakini moto wa kule juu umeshuka kwetu.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipasua ubavu wa mlima, ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani Kivu. Hata kanisa kuu liliteketea. Mamia ya elfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Tena tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, mlima ulifunguka mara nyingine. Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi haikuacha kutetemeka, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa mingi ya mji ihamwe. Barabara ya Sake ikajaa watu: mama na godoro kichwani, mtoto na sufuria, mzee juu ya tshukudu. Wakafika Sake, Minova, Bukavu, Gisenyi. Wakapiga hodi.

Nyumba gani ziliwapokea? Wengine walilala makanisani na mashuleni. Lakini wengi walipokelewa katika nyumba za watu, nyumba za vyumba viwili, zenye watoto sita tayari. Na vita navyo vimeleta hodi nyingine nyingi kuliko mlima. Hapo mfano wa kibanda si mfano tena. Watu wawili wamelala, wa tatu yuko mlangoni, amelowa.

Ndugu msomaji, ukiwa wewe uliyefungua, pengine ulisema moyoni: «Nimewatendea wema.» Ni kweli. Lakini tusiishie hapo, kwa maana neno hilo lina hatari. Siku ya kwanza lina utamu. Mwezi wa pili hugeuka kuwa uchungu: «Nimewapa nyumba, nao hata asante hawasemi!» Ndipo mgeni anaanza kula kwa aibu, na mtoto wake anaogopa kucheza katika lupango. Anayejua kwamba alilipa deni hapimi asante kila asubuhi.

Hata hivyo, mama wa nyumba ana neno la kutujibu, na ni lazima tumsikilize: «Ninyi mnaoandika, hamjui bei ya unga. Watoto wangu nao wana haki. Je, niwanyime wao ili niwape wageni?» Hapana, mama. Haki haimwamuru mtu aue watoto wake kwa njaa ili alishe wa jirani. Kila mmoja hudaiwa kwa kadiri ya nguvu zake. Lakini kama ni haki, basi deni hilo si la nyumba moja tu, yaani ile iliyopo karibu na barabara. Ni la sisi sote. Mwenye chumba atoe chumba. Mwenye shamba atoe mihogo. Asiye na kitu achote maji. Shirika linalomwacha mama mmoja na wageni kumi, kisha likamsifu Jumapili kwa moyo wake mwema, halijamlipa. Sifa haziingii katika sufuria.

Mgeni naye ana wajibu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hilo kwa kumfukuza mgeni, lakini sisi twaona maana yake ni njema: ukimpa jembe, umemhesabu kuwa mtu wa nyumba. Anayelala katika kibanda cha mlimani hukifagia kabla ya kushuka, ili anayekuja nyuma akute mahali safi.

Je, basi mapendo hayana kazi? Yana kazi kubwa. Haki hufungua mlango. Mapendo ndiyo yanayosema «karibu». Haki hutoa mkeka; mapendo huuliza jina la mtoto, na kulia pamoja na aliyefiwa njiani. Lakini mapendo hayawezi kuanza pale ambapo haki imefungiwa nje.

Kanisa limejua jambo hilo tangu zamani. Katika milima ya Alpi, kati ya Uswisi na Italia, kwenye njia iliyo juu karibu meta 2,470, Mtakatifu Bernardo alianzisha katika karne ya 11 nyumba ya kupokea wasafiri, wasife katika theluji. Watawa wangali huko hata leo. Hawakuwauliza wasafiri kabila wala fedha. Walikwenda wenyewe kuwatafuta katika theluji. Baba Mtakatifu Pio XI, ambaye alipokuwa padri alipanda milima ile kwa miguu yake, alimweka Bernardo mwaka 1923 kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Nasi tukumbuke kwamba Bwana wetu Yezu Kristu, kabla ya kuzaliwa, alikuwa mtu wa tatu mlangoni, na hapakuwa na nafasi. Siku ya mwisho atatuuliza habari ya mlango wetu. Tusimjibu kwa kuhesabu wema wetu. Tumwambie tu: Bwana, nyumba haikuwa yetu, tulisogea.